NJIA ZA MIGUU NA BAISKELI KATIKA VIJIJI VYETU

Hotuba iliyotolewa na Katibu wa Chama cha Msingi, Kabwe, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu siku hii ambayo Chama chetu Kikuu kinatimiza miaka kumi. Waliotangulia wamekwisha kueleza habari za ghala, mizani, pembejeo na hesabu, nao wameeleza vema kuliko nilivyoweza mimi. Sehemu yangu ni jambo ambalo halikuandikwa katika taarifa ya mwaka hata mstari mmoja, ingawa karibu kila mwanachama amelikanyaga asubuhi ya leo akija hapa. Nataka kusema juu ya njia. Wala si barabara ya magari, bali kile kijia cha miguu na baiskeli kitokacho mlangoni mwa mkulima kwenda shambani, mtoni, shuleni, zahanati na ghalani.

Nchi yetu imeumbwa kama ngazi. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga, uliopo juu ya uwanda wa Ufipa, uko zaidi ya mita 1,700. Sisi wa Kabwe tumekaa katika kidato cha chini kabisa. Migebuka na dagaa hupanda; mahindi, maharage na ulezi hushuka; na ng'ambo ya maji, tukielekeana na Moba ya Kongo, wako wanunuzi wanaongojea chakula. Biashara hii haikuanza jana. Mwaka 1872 David Livingstone alipita kwa miguu katika milima ya kando ya ziwa akielekea kusini, na mwaka uliofuata Susi na Chuma pamoja na wenzao waliupitisha mwili wake katika nchi ya Ufipa wakienda Unyanyembe, na hatimaye Bagamoyo. Chuma huyo huyo akarudi tena akiwa kiongozi wa msafara wa Joseph Thomson, uliopita Ufipa mwaka 1880. Wasafiri hawa husifiwa kana kwamba waliivumbua nchi. Walakini njia walizozifuata zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na wenyeji waliobeba chumvi, chuma na nguo zamani kabla yao.

Tangu siku hizo usafiri wa majini umebadilika sana. Meli ya Liemba ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa vitani, ikaopolewa, na kwa miongo mingi ilisimama mbali na pwani zetu huku mitumbwi ikiiendea kuchukua abiria na magunia. Leo Kabwe ina gati. Barabara nayo imebadilika: lami imefika Sumbawanga na kuendelea kuelekea Mpanda, na gari hushuka kutoka Lyazumbi hadi hapa ziwani. Lakini ile sehemu ya mwisho, yaani kutoka shambani mpaka gari lilipo, imebaki vile vile kama Thomson alivyoiona, na pengine ni mbaya zaidi.

Nitaeleza kwa nini nasema ni mbaya zaidi. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 watu wa nchi hii walikusanywa katika vijiji, aghalabu kando ya barabara. Manufaa ya kukaa pamoja sitayakana, kwa maana ndiyo yaliyotuletea shule na zahanati. Lakini nyumba zilihama, mashamba hayakuhama. Mtu aliyekuwa akiamka na kulima nje ya mlango wake alijikuta akienda mwendo wa saa moja au mbili kabla ya kuinua jembe. Watoto wakazaliwa, ardhi ya karibu ikajaa, na vijana wakazidi kwenda mbali. Kijia kilichotosha watu kumi sasa hupitwa na watu mia, na ng'ombe juu yao.

Sasa natoa hesabu ndogo, nanyi mnaweza kuirudia nyumbani kwa kijiti mchangani. Mkulima amevuna magunia kumi ya mahindi, kila gunia kilo mia. Shamba lake liko kilometa sita kutoka ghalani. Akibeba kilo ishirini kichwani, atakwenda safari hamsini. Kila safari, kwenda na kurudi, ni kilometa kumi na mbili. Basi jumla ni kilometa 600. Kutoka hapa Kabwe mpaka Mbeya si mwendo mrefu kiasi hicho! Mkulima huyo huyo akiwa na baiskeli yenye keria imara, na njia ya kumwezesha kuisukuma, atachukua gunia zima kwa safari moja, na kazi yote itakuwa safari kumi, kilometa 120. Mahindi ni yale yale, mtu ni yule yule, na tofauti ni kilometa 480 za mguu.

Asiyeweza kwenda safari hizo hamsini hufanya nini? Hapa ndipo jambo hili linapogusa Ushirika wenyewe. Huuza pale pale shambani. Mlanguzi huja kwa pikipiki akiwa na magunia yake matupu na sindano yake ya kushonea. Hana mizani, wala hataki mizani. Gunia hujazwa, likapigwa chini, likaongezwa, likashonewa kilemba juu, nasi sote twalijua jina lake: lumbesa. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi. Lakini mkulima aliye mwisho wa kijia kilichokatika kwa mvua, mwenye mtoto anayedaiwa mahitaji ya shule, atalisimamisha lori la nani ili apinge? Huyu mwenzetu si msaliti wa Ushirika, kama nilivyosikia akiitwa katika mkutano mmoja. Mizani yetu hupima kilo kwa kilo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua kwa kilo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ni wa kilo. Yote hayo ni mema, lakini huanza penye mlango wa ghala, na mahindi yake hayajafika mlangoni. Nimekaa na daftari la mapokezi misimu kadhaa, na naweza kuwaambia bila kufungua ukurasa ni vitongoji vipi vitaleta mzigo na vipi havitaleta. Sababu kubwa si uaminifu wala bei. Ni kijito kimoja na mteremko mmoja.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya Ufipa peke yake. Kuanzia mwaka 1985, Shirika la Kazi Duniani pamoja na Serikali yetu walifanya uchunguzi katika wilaya ya Makete, ambayo siku hizo ilikuwa katika mkoa wa Iringa na sasa iko Njombe. Makete ni nchi ya milima na mvua, baridi yake haina haya. Wataalamu waliuliza kaya moja moja: mwakwenda wapi, mwabeba nini, nani abebaye? Wengi walitazamia kuambiwa habari za mabasi na malori. Majibu yakawa kwamba sehemu kubwa kabisa ya safari za watu haikugusa barabara hata kidogo. Ilikuwa ni maji, kuni, shamba na mashine ya kusaga, yote kwa miguu, yote kwa vijia, na mzigo ulikuwa kichwani, na kichwa hicho aghalabu ni cha mwanamke. Basi mradi ule, pamoja na kutengeneza barabara, ukageukia vijia, vivuko vya miguu, punda na baiskeli, na wanavijiji wakafanya kazi kwa mikono yao wenyewe.

Juu ya mwanamke na mzigo nina neno la kuongeza, na mabwana wanisamehe. Katika nyumba zetu nyingi baiskeli ikinunuliwa huwa ni ya baba. Baba huipanda kwenda kusalimia, kwenda mnadani, kwenda mahali pengine ambapo sitapataja mbele ya wageni. Mama hufuata nyuma na debe kichwani na mtoto mgongoni. Baiskeli iliyonunuliwa kwa mazao ya wote wawili ingefaa iwabebee wote wawili mizigo. Huko ng'ambo, mjini Goma, wenzetu wa Kongo wana chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kiitwacho chukudu, kisicho na kanyagio wala mnyororo, nacho hubeba magunia ya viazi na makaa mpaka mjini. Nao wamekipa heshima ya sanamu katikati ya mji. Mimi nasema heshima ni kitu chema, lakini mama zetu wangetosheka na kijia tu.

Kama kuna afisa anayeniuliza faida ya kivuko cha miguu katika fedha, namtajia habari za Nicaragua, nchi ya Amerika ya Kati. Wachumi wawili, Wyatt Brooks na Kevin Donovan, waliandika mwaka 2020 matokeo ya kulinganisha vijiji vilivyojengewa madaraja ya miguu na vile visivyojengewa. Mafuriko yalipokuja, watu wasio na daraja walipoteza vibarua na mapato. Wenye daraja hawakupoteza. Tena wakulima wenye daraja walinunua mbolea zaidi, na faida ya mashamba yao ikazidi kwa kiasi cha robo tatu. Daraja halikuweka mbolea shambani. Lilimpa mkulima hakika kwamba mvua haitamfungia, naye akathubutu kutumia fedha yake.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo niliyoijia.

Njia huuawa na maji zaidi ya kitu kingine chochote. Kijia kinachoshuka moja kwa moja kutoka kilimani kinawafaa vijana wenye haraka, lakini mvua ya Novemba ikianza, maji nayo huona kwamba ni mfereji wao. Na ifikapo Aprili, kijia kimekuwa korongo, na watu wamefungua kingine kando, nacho kitakuwa korongo mwakani. Hapana budi njia iukate mlima kwa ubavu. Mwinuko wake usizidi hatua moja kwenda juu kwa kila hatua kumi kwenda mbele, la sivyo mwenye kusukuma gunia kwa baiskeli atashindwa, na mwenye kushuka ataunguza breki. Chombo cha kupimia ni miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A na jiwe linalon'ginia kwa kamba katikati. Mabwana shamba hukitumia kwa kupima makinga maji, na kila kijana anaweza kukitengeneza kwa nusu saa.

Uso wa njia uelemee kidogo upande wa bonde, ili maji yavuke na kwenda zake badala ya kutembea na wasafiri. Mahali penye mteremko mkali yawekwe mawe mshazari kuvuka njia, kila baada ya hatua kumi au ishirini, yatoe maji kando. Penye tambarare, njia iinuliwe katikati kama mgongo wa ng'ombe, na mitaro pande mbili. Upana wa mita moja na nusu unatosha baiskeli yenye mzigo kupishana na mtu; lakini majani yafyekwe zaidi ya hapo, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya umande, ambao huwalowesha watoto wa shule wakakaa darasani na nguo mbichi. Ngazi za mawe zipendezavyo macho zisijengwe isipokuwa pasipo na hila nyingine, na zikijengwa liachwe kando yake pito laini la gurudumu.

Haya si mageni kwetu. Mfipa aliyefukia majani katika matuta ya mviringo tuyaitayo ntumba alijua tangu zamani namna ya kuyaambia maji ya mlimani yakae au yaondoke. Ujuzi tunao; tumeutia mashambani na kuunyima njia.

Vijito ndivyo vinavyohitaji fedha. Kivuko kichaguliwe mahali ambapo kijito kimenyooka na kutanda, wala si penye kona. Kwa maji madogo, mawe ya kukanyagia au sakafu ya mawe na saruji vyatosha. Kwa maji ya kati, magogo mawili yaliyochongwa juu, yakapigiliwa mbao na kuwekewa mkono wa kushika. Kwa maji makubwa natamani tujifunze daraja la upinde wa mawe. Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, yalijengwa madaraja ya namna hiyo kwa msaada wa Ubelgiji, na ujuzi huo umefika hata Kigoma, kando ya ziwa hili letu, ambako TARURA imejenga mengi kwa gharama ndogo sana kuliko zege. Fremu ya miti huwekwa kwanza, mawe hupangwa juu yake kwa saruji kutoka pande mbili mpaka yakutane katikati, na saruji ikikwisha kushika fremu huondolewa, na mawe hubaki yakishikana kwa uzito wake yenyewe. Hakuna nondo. Mawe tunayo, ukikataa neno langu, tazama mlima ulioko nyuma yako.

Nimesikia ikisemwa kwamba kazi hii ni ya serikali na haiuhusu Ushirika. Neno hilo lina ukweli wake. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, na tangu mwaka 2017 barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA. Lakini kijia cha miguu hakina namba katika daftari la wakala yeyote. Mwenye uwezo juu yake ni Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na sheria ndogo zikiisha kuthibitishwa wilayani zina nguvu kama sheria nyingine. Nawaomba watendaji wa vijiji mlioko hapa mvipe vijia vyetu mipaka yake katika sheria hizo, kila kijia na upana wake. Kwa maana hapa nasema na wanachama wenyewe: sisi ndio tunaovila vijia. Kila msimu jembe husogea mkono mmoja, mhindi mmoja hupandwa palipokuwa na mguu wa jirani, na baada ya miaka mitano mwenye baiskeli anabeba baiskeli yake begani. Wenzetu wafugaji nao wapewe mapito yao mbali na ya watu, kwa sababu kwato za kundi moja baada ya mvua huharibu kazi ya wiki nzima.

Wengine wamesema, fedha ya akiba inunue lori la pili kwanza. Mimi silichukii lori. Lakini lori la kwanza tunalo, nalo mwezi wa Machi husimama mwisho wa barabara likingoja mzigo ulio ng'ambo ya kijito. Tukinunua la pili, yatasimama mawili.

Pia tusisahau jambo la ziwa. Uvuvi uliposimamishwa kwa makubaliano ya nchi nne, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaana, tuliona wavuvi wetu wakipanda juu kutafuta vibarua vya kuvuna na kubeba. Huenda ziwa likafungwa tena. Siku hizo watu wa pwani huishi kwa njia zipandazo.

Basi maombi yangu kwa Mkutano Mkuu ni haya. Zikatwe shilingi tano katika kila kilo ipitayo mizanini, kwa misimu miwili, ziwekwe katika hesabu yake peke yake na kusomwa mbele ya wanachama kila robo mwaka, risiti zikiwa mezani. Magunia elfu moja yatatoa shilingi 500,000. Fedha hiyo inunue sururu, mabeleshi, karai, matoroli na saruji, na kumlipa fundi mwashi. Nguvu za mikono zitoke kwetu. Chama chochote cha msingi kitakachotengeneza njia yake kipewe haki ya kwanza ya mkopo wa baiskeli, na mkopo uandikwe kwa jina la mwanachama abebaye mzigo, mume au mke. Na katika kila ghala apatikane kijana mmoja aliyefundishwa kuziba mpira, kunyosha rimu na kukaza spoki, maana baiskeli iliyolala ukutani kwa kukosa kipande cha gundi ni fedha ya mkulima iliyolala.

Sisi wa Kabwe hatukungoja kura. Tumekwisha kuchagua kijia cha kwanza, kile kitokacho mashamba ya juu na kuvuka vijito viwili kabla ya kufika ghalani, na wazee wamekitembea pamoja na vijana wenye kipimo, wakaweka vigingi mahali patakapogeuzwa. Wenye mashamba wanne kati ya watano wamekubali kurudisha jembe nyuma. Wa tano tunazungumza naye. Kazi itaanza wiki ya kwanza ya Agosti, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani na vijito vimepungua, na tunataka kivuko cha pili kiwe kimekauka saruji kabla ya mvua ya Novemba. Vyama vingine vinavyotaka kuja kutazama vinakaribishwa siku ya Jumamosi yoyote. Daftari la majina liko mezani kwa Mtunza Ghala, karibu na mlango: mwenye sururu aandike sururu, mwenye mkokoteni wa ng'ombe aandike mkokoteni, na asiye na kitu aandike siku atakazokuja.